Fagio Bila Koni: Usalama wa Wazoa Taka Kando ya Barabara Kuu ya Manyara

Kazi ya kufagia na kuzoa taka kando ya barabara kuu zinazokatiza miji huhesabiwa, katika mipango ya halmashauri nyingi nchini Tanzania, kuwa kazi ya afya na mazingira. Kwa sababu hiyo husimamiwa na maofisa afya, hupimwa kwa usafi unaoonekana baada ya fagio kupita, na mkataba wake hutaja urefu wa eneo, idadi ya siku za kazi kwa wiki na mahali kilipo kizimba, yaani sehemu iliyojengewa ukuta ambako taka hukusanywa zikisubiri lori la kuzipeleka dampo. Kinachosahaulika ni kwamba anayeifanya kazi hiyo husimama ndani ya barabara, hatua moja au mbili kutoka kwenye magurudumu, na kwamba kwa upande wa hatari hana tofauti yoyote na fundi anayeziba shimo la lami. Fundi huyo huwekewa koni, vibao vya tahadhari na mtu wa kushika bendera. Mfagiaji hupewa fagio, na akibahatika, koti lenye rangi ya machungwa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika miji midogo kuliko Dar es Salaam au Arusha, ingawa watu wengi wangedhani kinyume chake. Ukanda wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni mfano mzuri. Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969, Babati nayo ikamegwa kutoka Hanang mwaka 1985, na mwaka 2002 wilaya hizo zote zikatolewa katika Mkoa wa Arusha na kuingizwa katika mkoa mpya wa Manyara, makao makuu yakiwa Babati. Gitting, kata ya wakulima na wafugaji iliyo kwenye miinuko ya Mlima Hanang, huuza mazao yake na kununua mahitaji yake katika miji ya ukanda huu, na vivyo hivyo vijiji vingine vya Wairaqw na Wadatoga vinavyouzunguka mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, umekua kando ya njia inayotoka Babati kwenda Singida, na kwa hiyo barabara kuu ndiyo pia mtaa mkuu wa mji: hapo hushuka abiria, husubiri bodaboda, hupangwa mafungu ya viazi na vitunguu, na hapo hapo hupita malori ya shehena na mabasi yanayounganisha Arusha na mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Barabara hiyo ilipokuwa ya udongo na changarawe, mashimo na vumbi vilifanya kazi ambayo leo inatakiwa kufanywa na sheria. Dereva hakuweza kukimbia hata kama angetaka. Lami ilibadili hali hiyo, na barabara ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, Babati ukawa njia panda ya kweli, ambako magari ya kutoka Dodoma, Singida na Arusha hukutana. Hakuna anayetamani barabara ya zamani irudi, lakini ni haki kusema kwamba miji iliipokea lami bila kuwafikiria upya watu ambao kazi yao ni kuinama kando yake.

Mgawanyo wa mamlaka ndio unaoanza kueleza kwa nini. Barabara kuu ni mali ya serikali kuu na husimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, pamoja na hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi ulio kila upande wa barabara ambao haujengwi wala haulimwi, na ambao kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 una upana wa mita 30 kutoka katikati ya barabara. Barabara za mitaa na za vijijini, zikiwamo za kata kama Gitting, zimo mikononi mwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Taka zilizo juu ya barabara zote hizo ni wajibu wa halmashauri. Kasi ya magari ni suala la askari wa usalama barabarani. Mfagiaji, kwa hiyo, ameajiriwa na mzabuni aliyepewa kazi na halmashauri, anafanya kazi hiyo katika ardhi ya TANROADS, na uhai wake unategemea kasi inayodhibitiwa na polisi, huku taasisi hizo tatu zikiwa hazilazimiki kukaa meza moja kabla hajaanza kufagia. Mkandarasi wa TANROADS akitaka kuchimba mtaro mahali hapo hapo, huwajibika kuweka alama za tahadhari kwa sababu kazi yake inatambuliwa kuwa kazi ya barabara. Kufagia hakutambuliwi hivyo, na kasoro kubwa kuliko zote iko hapo.

Hesabu ya mwendo inaonyesha uzito wa kasoro hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji takriban sekunde moja na nusu kuona kitu, kukitambua na kupeleka mguu kwenye breki, na katika muda huo gari limekwishakwenda mita 21 bila kupunguza chochote. Kisha, kwenye lami kavu na kwa breki nzima, huhitaji mita nyingine 14 hivi kusimama, jumla mita 35. Kwa kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo basi au lori linaruhusiwa nje ya mji na ambayo dereva mwenye haraka huingia nayo mjini, mita za kufikiri huwa 33 na za breki 35, jumla mita 68. Mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini umbali wa kusimama umekaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu nishati mwendo, yaani nguvu ambayo chombo hubeba kwa kuwa kinatembea, hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Hesabu hiyo ni ya gari dogo lenye matairi mazuri. Lori lililojaa, likiteremka kwenye lami iliyolowa, huhitaji umbali mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara nne na nusu kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Mfagiaji ni mtembea kwa miguu asiyetembea: hukaa mahali pamoja kwa saa kadhaa, mara nyingi ameyapa magari mgongo, macho yake yakiwa chini kwenye ukingo wa zege ambako mchanga na makopo hujikusanya.

Saa ya kazi huongeza hatari kwa namna ambayo wapangaji wachache huitazama. Desturi ya miji mingi ni kufagia alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, kwa hoja inayoonekana kuwa ya busara kwamba wakati huo magari ni machache. Hata hivyo, katika Hanang jua huchomoza karibu na saa 12 na nusu asubuhi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kwa kuwa eneo liko karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi. Anayeanza kazi saa 11 alfajiri hufanya kazi gizani kwa zaidi ya saa moja. Jua linapochomoza, dereva anayetoka Singida kuelekea Babati hulikuta usoni likiwa chini kabisa, na mtu aliyeinama mbele ya mwanga huo huwa kivuli tu. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai hasa, ukungu wa mlimani huteremka na kufunika miinuko yote ya Hanang na Mbulu, na hapo hata taa za gari hazifiki mbali.

Zaidi ya hayo, hoja ya magari machache imepitwa na wakati. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikuwa yakikatazwa kusafiri usiku wa manane, hivyo barabara za alfajiri zilikuwa na malori na magari binafsi tu; mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake kwa biashara na kwa abiria, lakini matokeo yake kwa mfagiaji ni kwamba saa aliyoizoea kuwa tulivu sasa inaweza kuwa saa ya dereva aliyeendesha usiku kucha na ambaye usingizi unamwelemea kuliko wakati mwingine wowote. Miji iliyoendelea na ratiba ya zamani inafuata mantiki ya barabara ambayo haipo tena. Kuanza kazi baada ya jua kupanda, na kukubali kwamba maduka yatafunguliwa kabla fagio halijapita, ni usumbufu mdogo sana ukilinganishwa na hatari inayoepukwa.

Koti la kuakisi, ambalo wengi huliita rifleketa, ndilo kinga pekee inayozungumzwa kila mahali, na hapa panahitajika ufafanuzi kidogo. Koti la aina hii lina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Kitambaa chenye rangi kali ya manjano au machungwa hupokea miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana, ndiyo maana hung'aa mchana kuliko nguo ya kawaida. Usiku, pasipo jua, rangi hiyo haisaidii chochote. Mistari ya kijivu iliyoshonwa juu yake ndiyo ya usiku: ina chembe ndogo za kioo zinazorudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka, yaani kwa dereva. Koti lililofuliwa mara nyingi, likachakaa na kujaa vumbi, hupoteza sifa zote mbili, na kwa mji wenye udongo mwekundu koti la machungwa lililochafuka hufanana na ukingo wa barabara wenyewe. Rangi ya manjano iliyokaribia kijani ingefaa zaidi katika mazingira kama hayo. Lakini hata koti jipya lina kikomo chake: humwambia dereva kwamba kuna mtu, halimpi nafasi ya kusimama. Dereva aliye umbali wa mita 30 kwa kilomita 80 kwa saa atamwona mfagiaji vizuri sana na bado atamgonga.

Kinachompa dereva nafasi ni onyo linalotangulia. Katika kazi za barabara zinazopangwa vizuri, kibao cha kwanza huwekwa mbali kabla ya eneo la kazi, mbali zaidi kadiri kasi ya barabara ilivyo kubwa. Hufuatiwa na koni zilizopangwa kwa mshazari ili kuyasogeza magari pole pole kutoka ukingoni. Kisha huachwa eneo tupu lisilo na mtu wala kifaa, ambalo kazi yake ni kumpokea dereva aliyekosea. Ndipo huja wafanyakazi. Kwa kikundi cha wafagiaji watano mpango huo unaweza kupunguzwa bila kupotezwa: kibao kimoja kinachokunjwa, koni chache, na mmoja wao akiwa hashiki fagio bali bendera na filimbi, akiyatazama magari muda wote na kupokezana zamu na wenzake. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, kikundi kinapaswa kusonga kikiyakabili magari ya upande wake, si kwa kufuata mwelekeo wa magari hayo, ingawa kufuata mwelekeo ndiko kunakozoeleka kwa sababu toroli husukumwa kwa urahisi zaidi hivyo. Lori au toyo (pikipiki ya magurudumu matatu) ya kubeba taka iegeshwe kati ya wafagiaji na upande yanakotokea magari, taa za tahadhari zikiwaka, ili atakayepotea njia akutane na chuma kabla ya kukutana na mtu. Upakiaji ufanyike kwa upande wa nje ya barabara. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji teknolojia kutoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo hukaa katika bohari za wakandarasi wa barabara katika mkoa huo huo.

Uwezo wa kupanga kazi kwa namna hiyo ulionekana katika mazingira ya huzuni. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope lililobeba magogo na mawe likashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80 na kuifunika barabara kuu. Katika siku zilizofuata askari wa Jeshi la Wananchi, polisi, wataalamu wa TANROADS na wananchi walifanya kazi ya kuondoa tope na mabaki kwa mitambo na kwa mikono, magari yakizuiwa, yakipitishwa kwa zamu na kuelekezwa. Kwa muda mfupi kazi ya kusafisha barabara ilitambuliwa kuwa kazi ya hatari inayodai mamlaka zote zishirikiane. Baada ya dharura kupita, fagio likarudi kuwa fagio. Si sahihi kulinganisha msiba ule na kazi ya kila siku kwa ukubwa. Inatosha kusema kwamba taasisi zinazohitajika zipo, zinafahamiana na zimewahi kufanya kazi pamoja katika mji ule ule.

Suala la watu wanaojitolea linahitaji kutajwa peke yake. Rais John Magufuli alifuta gwaride la Sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 na kuifanya kuwa siku ya usafi, naye mwenyewe akatoka Ikulu na kuzoa taka mtaani hadi eneo la soko la samaki la Feri, wakati nchi ikipambana na kipindupindu. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulipata nguvu tangu wakati huo, na siku hiyo katika miji ya Manyara kama kwingineko wananchi hutoka na reki, majembe na mifuko. Ni desturi njema. Tatizo ni kwamba umati wa siku moja huingia barabarani bila mafunzo hata ya mfagiaji wa kawaida, na mara nyingi hujumuisha wanafunzi. Mtoto wa shule ya msingi bado hana uwezo kamili wa kukadiria kasi ya gari linalomjia, na hilo si swali la nidhamu bali la umri. Shule zilizo karibu na barabara kuu zina viwanja, mitaro na njia za ndani zinazohitaji usafi. Soko na mnada navyo vipo. Ukingo wa lami ungeachiwa watu wazima, na kwa saa chache za Jumamosi hiyo, askari wa usalama barabarani angesimama kila mwisho wa eneo linalosafishwa. Marekani, ambako mpango wa vikundi vya raia kusafisha vipande vya barabara kuu ulianza katika jimbo la Texas mwaka 1985, vikundi hivyo hupewa maelekezo ya usalama na makoti kabla ya kuruhusiwa kushuka barabarani. Nchini humo, takwimu rasmi za kazi zimekuwa kwa miaka mingi zikiweka uzoaji wa taka miongoni mwa kazi kumi zinazoua zaidi kwa uwiano wa wafanyakazi wake, na majimbo kadhaa yametunga sheria zinazomlazimisha dereva kupunguza mwendo anapolipita gari la taka lililo kazini. Tanzania haihitaji kuiga kila kitu, lakini kifungu kama hicho kingefaa sana katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo imekwisha kufanyiwa marekebisho kwa mambo madogo kuliko hilo.

Njia nyingine ya kupunguza hatari ni kupunguza muda ambao mtu anakaa barabarani, yaani kupunguza taka zenyewe. Historia ya karibuni inatoa ushahidi. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, lengo likiwa kuwalinda vijana, vifuko vile vidogo vilivyotapakaa kwenye vituo vya mabasi vilitoweka pia. Na marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Juni 1, 2019, iliondoa kitu kilichokuwa kikipeperushwa na upepo hadi katikati ya lami na kumvuta mfagiaji akifuate huko. Kilichobaki kwa wingi ni chupa za maji na soda. Waokota makopo huzikimbilia kwa sababu zinauzwa kwa kilo, nao hawana koti wala mkataba. Nyingi ya chupa hizo hutoka madirishani mwa mabasi, ingawa magari ya abiria yanatakiwa kuwa na chombo cha kuwekea taka. Kila chupa inayotupwa dirishani humlazimisha mtu fulani kwenda kuiokota mahali pabaya, na kondakta anayepita na mfuko kabla basi halijaingia mjini humwondolea mtu huyo safari moja ya hatari.

Sheria za kazi, kwa maandishi, hazina upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala unaojulikana kwa kifupi kama OSHA, humtaka mwajiri kutathmini hatari na kutoa vifaa vya kinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa WCF, ambao ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015 na ambao humlipa aliyeumia kazini au familia ya aliyefariki. Upungufu uko kwenye utaratibu wa zabuni. Halmashauri humpa kazi mzabuni au kikundi. Kikundi huwaita watu kwa malipo ya siku. Na mtu wa malipo ya siku, asiyeandikwa katika orodha yoyote, huwa vigumu kumtetea ajali inapotokea, kwa sababu jambo la kwanza litakaloulizwa ni nani alikuwa mwajiri wake. Wengi wao ni wanawake, na wengi huchukua kazi hiyo kwa kuwa inaisha mapema na kuwaruhusu kurudi sokoni au shambani. Mzabuni anayetaka kushinda kwa bei ndogo hukata kwanza kile ambacho mkataba haukukitaja. Si ubaya wa moyo. Ni hesabu, na hesabu hiyo hurekebishwa na anayeandika masharti ya zabuni, si na anayeijibu.

Kwa hiyo wenye uwezo wa kubadili hali hii mapema zaidi ni maofisa ugavi, maofisa afya na madiwani wa halmashauri za Babati, Hanang na Mbulu, ambao kila mwaka wa fedha hukaa kupitia mikataba ya usafi. Wanaweza kudai kwamba mzabuni aoneshe orodha ya wafanyakazi waliosajiliwa WCF, kwamba kazi kwenye barabara kuu isianze kabla ya saa 1 asubuhi, kwamba kila kikundi kiwe na koni, kibao na mshika bendera, na kwamba meneja wa TANROADS wa mkoa na mkuu wa usalama barabarani wapewe ratiba ya kazi kabla haijaanza. Mkataba wa kusafisha barabara kuu usiotaja mambo hayo haufai kusainiwa.